Ukishajibana, ile pesa inakwenda wapi?

Watu wengi wenye madeni hawaishi kifahari. Ukiwaangalia kwa karibu utakuta wameshaacha mengi: nguo mpya hawanunui, safari zisizo za lazima wamezifuta, starehe wamezisahau. Bado deni liko palepale, au limeshuka kidogo mno hata mtu anashindwa kuelewa jasho lake limeishia wapi. Na ushauri anaopewa ni uleule wa "bana matumizi", kana kwamba hajabana.

Kubana matumizi na kulipa deni ni kazi mbili. Pesa uliyookoa kwenye ya kwanza haijipeleki yenyewe kwenye ya pili. Katikati kuna mambo ambayo watu hawayazungumzii sana: riba inavyopigwa, deni lipi liguswe kwanza, pesa inatoka mkononi siku gani, na kujibana kwa kiasi gani kunaweza kudumu bila mtu kukata tamaa. Hayo ndiyo nataka tuyafungue hapa, tukianza na riba kwa sababu bila kuielewa mengine yote ni kubahatisha.

Nyongeza ya kwanza ndiyo yenye nguvu

Chukua deni la 1,000,000 linalotozwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi juu ya salio. Weka sarafu yoyote unayotumia, hesabu haibadiliki. Mwezi wa kwanza riba ni 30,000. Ukilipa 30,000 umelipa riba peke yake, deni la msingi hujaligusa, na unaweza kwenda hivyo miaka kumi ukabaki unadaiwa milioni ileile. Ukilipa 40,000, ni 10,000 tu iliyopunguza deni. Kwa mwendo huo utamaliza baada ya miezi 47 hivi, na kwa jumla utakuwa umetoa karibu 1,880,000.

Sasa ongeza 10,000, uwe unalipa 50,000 kila mwezi. Unamaliza kwa miezi 31, jumla 1,550,000. Ongeza 10,000 nyingine ufike 60,000: miezi 23 na nusu hivi, jumla kama 1,410,000. Ongeza ya tatu ufike 70,000: miezi 19, jumla kama 1,325,000.

Linganisha nyongeza hizo tatu. Zote ni 10,000, lakini ya kwanza imefuta miezi 16, ya pili imefuta saba na nusu, ya tatu haikufika mitano. Na katika maisha ya kila siku, 10,000 ya kwanza ndiyo rahisi kuipata: ni huduma unayolipia na huitumii, ni faini za kuchelewa, ni vitu vidogo ulivyokuwa unanunua kwa mazoea. Ya tatu ndiyo inayouma. Inatoka kwenye chakula, kwenye matibabu, kwenye usingizi.

Sisemi mtu mwenye uwezo wa kulipa 70,000 alipe 50,000. Kila unachoongeza kinasaidia. Ninachosema ni kwamba anayelipa 55,000 kila mwezi bila kukosa yuko pazuri kuliko anayejikamua 70,000 kwa miezi mitatu, wa nne akaishiwa nguvu, akakopa tena kwingine ili apumue. Huyu wa pili ndiye tunayemsifu kwa kujituma, na ndiye anayebaki na deni. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na hesabu ya riba inawaunga mkono.

Kuna kipimo kimoja cha kufanya kabla ya kujibana kokote. Jumlisha riba ya mwezi mmoja ya madeni yako yote. Kisha angalia kinachobaki kwenye kipato chako baada ya mambo ya lazima kabisa: makazi, chakula, nauli ya kwenda kazini, dawa, masomo ya watoto. Ikiwa riba ni kubwa kuliko kinachobaki, deni litaendelea kukua hata ukiishi kama mtawa. Tatizo hapo limevuka ubahili. Linahitaji mazungumzo na mkopeshaji ili ratiba ya marejesho ipangwe upya, au kuuza mali, au kipato kingine, na pengine ushauri wa mwanasheria. Mtu anapoambiwa aendelee kubana katika hali hiyo anapotezewa muda, na muda ndio unaozaa riba.

Riba haina sura moja

Ule mfano wa kwanza ulikuwa wa riba ya salio: deni likipungua, riba nayo inapungua. Mikopo mingine haiko hivyo. Riba hupigwa juu ya mkopo wote wa awali mpaka siku ya mwisho, hata kama umesharudisha sehemu kubwa.

Tuseme umekopa 1,200,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 10 ya mkopo wote. Riba ni 120,000, rejesho la kila mwezi ni 110,000. Inasikika nafuu. Lakini ukishalipa marejesho sita mtaji uliobaki nao ni nusu tu, huku riba unayotozwa ni ileile kana kwamba bado umeushika wote. Ukiigeuza hesabu hiyo iwe ya salio, ile asilimia 10 inakuwa karibu asilimia 18 kwa mwaka. Kwa hiyo mikopo miwili yenye namba moja kwenye tangazo inaweza kutofautiana sana mfukoni.

Jambo hili linamgusa moja kwa moja anayejibana. Katika riba ya salio, kila ziada unayolipa inapunguza riba ya miezi ijayo. Katika riba ya mkopo wote, mikataba mingi hukuambia riba ilishahesabiwa siku uliyosaini, kwa hiyo kulipa mapema hakukupunguzii chochote, na mingine hukutoza ada kwa kuwahi kumaliza. Ukipeleka akiba yako yote huko unajinyima bure.

Namna ya kujua ni kumuuliza mkopeshaji swali moja, kwa maandishi: "Nikilipa 100,000 ya ziada leo, salio langu litakuwa kiasi gani, na riba ya mwezi ujao itapungua kwa kiasi gani?" Jibu likiwa "haipungui", lipa marejesho ya kawaida kwa wakati na ziada ipeleke kwenye deni jingine. Jibu likiwa "inapungua", bado hujamaliza. Wapo wanaopokea ziada na kuiandika kama rejesho la mwezi ujao lililolipwa mapema, na salio la msingi likabaki lilivyo mpaka mwezi huo ufike. Andika kwenye ombi lako kwamba pesa hiyo ipunguze deni la msingi, kisha omba taarifa ya mkopo uone kama imefanyika.

Halafu kuna mikopo ya muda mfupi, ya siku kadhaa au mwezi mmoja. Hii namba zake hulaghai kwa sababu hutajwa kwa mwezi. Unakopa 100,000, baada ya siku 30 unarudisha 110,000. Asilimia 10 tu, mtu husema. Lakini mwezi ukifika huna 110,000, unalipa ile ada ya 10,000 ili uongezewe muda. Ukifanya hivyo mwaka mzima umeshatoa 120,000, na ile 100,000 bado unadaiwa yote. Mtu anaweza kujibana mwaka mzima akalipa zaidi ya alichokopa, na deni lisisogee hata hatua.

Kwa makadirio ya haraka ipo kanuni ya 72, ya zamani kiasi kwamba mtawa wa Italia Luca Pacioli aliitaja kwenye kitabu chake cha hesabu mwaka 1494. Gawa 72 kwa riba, unapata muda ambao deni lisilolipwa litajirudia mara mbili. Asilimia 3 kwa mwezi ni miezi 24. Asilimia 10 kwa mwezi ni miezi saba na kidogo.

Lipi kwanza?

Kabla ya kulinganisha riba, tenga madeni yenye meno. Kodi ya nyumba ambayo ukiikosa unatolewa, mkopo uliowekea dhamana chombo kinachokupa riziki, deni ambalo mdhamini wake ni mtu aliyeweka jina lake kwa ajili yako. Haya hulipwa kwa wakati hata kama riba yake ni ndogo, maana hasara yake haiko kwenye riba.

Kwa yaliyobaki kuna njia mbili zinazoshindana. Katika zote unalipa kiwango cha chini kwenye kila deni, na ziada yote unaielekeza kwenye deni moja mpaka liishe, kisha rejesho lake unaliongeza kwenye linalofuata. Tofauti ni la kuanzia. Wapiga hesabu wanasema anza na lenye riba kubwa, na kwa hesabu tupu wako sahihi. Wengine wanasema anza na deni dogo kuliko yote, ulifute, upate moyo.

Nilizoea kuiona hii ya pili kama kujifariji. Lakini kuna utafiti uliofanywa Singapore na kuchapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watu wa kipato cha chini waliofutiwa sehemu ya madeni yao. Baada ya kufutiwa, wasiwasi wao ulipungua na walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya kufikiri. Kilichovutia ni kwamba idadi ya madeni yaliyofungwa ilikuwa na uzito wake. Kati ya watu waliofutiwa kiasi kilekile, aliyefungiwa madeni mengi alinufaika zaidi. Kila deni, hata dogo, linachukua nafasi kichwani: tarehe yake, simu zake, aibu yake.

Msimamo wangu ni huu. Kama riba za madeni yako zinakaribiana, anza na dogo. Kama kuna moja linalokata asilimia 10 kwa mwezi, nenda huko bila kujadili. Na ukweli ni kwamba mara nyingi mabishano haya hayana maana, kwa sababu mikopo yenye riba kali kabisa huwa ndiyo midogo, ile ya dharura iliyochukuliwa kwa haraka. Njia zote mbili zinakupeleka mlango uleule.

Deni la ndugu au rafiki halina riba, na ndiyo maana watu huliacha la mwisho. Ni kosa. Gharama yake ni kwamba unaanza kumkwepa mtu, na yeye anaanza kukusikia kwa wengine. Kiasi kidogo kinachofika tarehe uliyoitaja kinatunza mengi kuliko ahadi ya kulipa yote "mambo yakikaa sawa". Na kama tarehe itapita, sema kabla haijafika.

Akiba kidogo hata kama hesabu inakataa

Ukimuuliza mhasibu kama uweke akiba wakati deni linakutoza asilimia 3 kwa mwezi, atakuambia hapana: akiba haizai kitu na deni linakula. Lakini mhasibu anafikiri mwezi utakwenda kama ulivyopangwa. Haiendi hivyo. Mtoto anaugua, simu ya kazi inaharibika, safari ya msiba inatokea. Usipokuwa na kitu pembeni, dharura hiyo itakwenda kwenye ule mkopo wa asilimia 10, na miezi mitatu ya kujibana imefutika kwa siku moja. Kwa hiyo tenga kiasi kidogo, kinachotosha dharura ya kawaida ya nyumbani kwako, kabla ya kuanza kulipa ziada. Kikishatumika, kirudishe kwanza. Kisizidi hapo, maana akiba kubwa mbele ya deni lenye riba kali ni starehe ya namna yake.

Tofautisha dharura na mambo ya msimu. Ada, leseni, bima, matengenezo ya kila mwaka: haya yanajulikana yatakuja, na bado kila mwaka hutushtua. Yajumlishe, gawa kwa 12, na sehemu hiyo iwe matumizi ya kila mwezi kama kodi.

Kujibana kusikochosha akili

Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kazi yao na wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, ambao hulipwa kwa mkupuo baada ya mavuno. Waliwapima watu walewale mara mbili, kabla ya mavuno pesa zikiwa zimekata na baada ya kulipwa. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri. Hawakuwa wajinga mwezi mmoja na werevu mwezi mwingine. Kuwazia pesa kila saa kulikuwa kumewashika akili.

Ndiyo maana siamini sana ubahili wa kuamua upya kila siku: nipande gari au nitembee, ninunue hiki au niache, nimpe au nimnyime. Maamuzi ishirini kwa siku, na la ishirini na moja unafanya umechoka. Punguza yale ambayo ukiamua mara moja yamekwisha. Kuhamia makazi ya bei nafuu, kufuta huduma inayojikata yenyewe kila mwezi, kubadilisha kifurushi, kuuza chombo kinachokula mafuta na matengenezo kuliko kazi yake. Uamuzi mmoja mgumu wa aina hii unaweza kuzidi mwaka mzima wa kuhesabu senti, na baadaye haukudai nguvu tena.

Kwa matumizi ya kila siku, gawa pesa ya mwezi kwa wiki na ujipe ya wiki moja tu, taslimu au kwenye akaunti ya pembeni. Ikiisha Ijumaa, unasubiri Jumatatu. Ni kanuni butu lakini inakuondolea kazi ya kujadiliana na nafsi yako.

Daftari lina kazi pia, ila ulisome. Wengi huandika kwa bidii mwezi wa kwanza, na ukifungua ukurasa unakuta hivi: nauli, nauli, dawa, umeme, nyinginezo, nauli, nyinginezo. Jumlisha hizo "nyinginezo". Zikiwa mstari wa pili au wa tatu kwa ukubwa, daftari linakuficha badala ya kukuonyesha. Zivunje vipande, na mara nyingi utakuta humo ada za kutuma na kutoa pesa, faini, na mikopo midogo uliyowapa watu na hukutaka kuiita kwa jina lake.

Tahadhari na ubahili unaogharimu. Kuacha kutengeneza bomba linalovuja, kukatiza dozi ili dawa ifike mwezi ujao, kununua kiatu dhaifu mara tatu kwa mwaka, kununua vitu vingi kwa sababu vimepunguzwa bei halafu vikaharibika. Nauli uliyookoa kwa kutembea saa mbili ihesabu pamoja na kazi ambayo hukuifanya kwa uchovu.

Siku ya pesa

Hapa ndipo kujibana kwingi hufia. Mtu anaishi kwa uangalifu akitumaini kwamba kitakachobaki mwisho wa mwezi kitakwenda kwenye deni. Hakibaki. Hajafuja, ila pesa isiyo na kazi haikosi mwenyewe. Lipa rejesho na ile ziada siku pesa inapoingia, au kesho yake asubuhi, kisha uishi na iliyobaki. Ukifuta gharama fulani, siku hiyohiyo ongeza kiasi hichohicho kwenye malipo ya kudumu ya deni. Usipofanya hivyo, pesa uliyookoa kwenye kifurushi utaikuta imekuwa nauli ya teksi.

Kwa mwenye kipato kisicho na tarehe, angalia miezi sita iliyopita, chukua mwezi uliokuwa mbaya kuliko yote, na panga maisha ya lazima na marejesho ya chini kwa kiwango hicho. Kila kinachozidi hapo kigawe kwa asilimia uliyoiamua mapema, tuseme nusu iende kwenye deni, robo kwenye akiba ya miezi mikavu, robo kwako. Kiasi maalumu cha ziada kitakuvunja mwezi wa ukame, na mwezi wa neema kitakuacha na pesa nyingi isiyo na mpango.

Hiyo robo ya kwako si mapambo. Mpango usio na chochote cha kufurahia huvunjwa, na ukivunjwa huvunjwa kwa kishindo.

Mambo haya hayaendi kwa siri ndani ya nyumba. Mmoja akibana na mwenzake hajui kwa nini, kinachookolewa huku kinatumika kule, na ugomvi unaanza juu ya vitu vidogo. Weka jedwali la madeni yote mezani, pamoja na yale yaliyofichwa. Watoto wakubwa nao wanaweza kuambiwa bila kutishwa. Na kwa ndugu wanaoomba msaada, amua kiasi cha kusaidia kwa mwezi kabla hawajapiga simu. Kikiisha, jibu ni "mwezi huu nimeshatoa", na ni jibu la kweli.

Kuunganisha madeni kwa mkopo mmoja mkubwa kunafaa ikiwa riba inashuka na muda haurefuki. Ukipewa rejesho dogo kwa kuongezewa miaka, piga jumla ya yote utakayolipa kabla ya kufurahi. Na kama yale madeni ya zamani yanabaki wazi kukopeka tena, ujue wengi huishia kuwa na yote mawili.

Deni likiisha, kazi inabaki kidogo. Omba barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi, dai dhamana yako au hati zilizoshikiliwa, mjulishe mdhamini wako, na hakikisha taarifa yako kwenye mfumo wa kumbukumbu za mikopo imesahihishwa. Kama rejesho lilikuwa linakatwa kwenye mshahara au akaunti, mwezi unaofuata angalia kama makato yamekoma. Yakiwa bado yanaendelea, andika barua siku hiyohiyo ukiambatanisha ile ya uthibitisho, na udai urudishiwe.